Kukanusha kwa nunca, jamás na casi nunca: mwongozo kamili kwa anayeanza Kihispania

Katika madaftari ya wanafunzi ninaowafundisha Kihispania jioni, sentensi mbili zenye makosa hurudi kila muhula. Ya kwanza ni *Nunca no como carne*. Ya pili ni *Como carne nunca*. Walioziandika wote walikusudia jambo moja, yaani «Sili nyama kamwe», na wote walikuwa wamekariri vizuri kwamba *nunca* ni «kamwe». Kilichowaangusha si msamiati, bali ni kutojua mahali pa kuliweka neno hilo, na wakati gani neno *no* linapaswa kubaki au kuondoka.

Makosa haya mawili yana vyanzo tofauti, na anayetaka kuyang'oa ni lazima ajue lake linatoka wapi. La kwanza linatoka katika Kiswahili chenyewe: kitenzi chetu hubeba ukanushi ndani yake (sili, huli, hali), kwa hiyo hata tukilitanguliza neno «kamwe» bado tunasema «kamwe sili», na mwanafunzi huyahamisha mazoea hayo yalivyo. La pili linatoka darasani. Wengi wetu tulifundishwa katika somo la Kiingereza kwamba vikanushi viwili ndani ya sentensi moja ni kosa, basi tunapoona *no* na *nunca* pamoja tunashtuka na kufuta kimoja, na mara nyingi tunakifuta kile ambacho sentensi haiwezi kusimama bila yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kunyambua vitenzi vichache katika wakati uliopo. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inaitegemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari lenye mistari na kalamu mbili za rangi tofauti. Rangi moja, tuseme nyekundu, itaandika vikanushi peke yake.
- Vipande 12 vya karatasi ngumu, vya ukubwa wa karata za kuchezea. Kwenye kila kimoja andika neno moja kwa herufi kubwa: *no, nunca, jamás, casi, siempre, como, bebo, llego, carne, café, temprano, lo*.
- Vitenzi sita katika wakati uliopo kwa nafsi zote: *comer* (kula), *beber* (kunywa), *ir* (kwenda), *llegar* (kufika), *ver* (kuona) na *hacer* (kufanya). Ikiwa bado unababaika kati ya *voy* na *va*, malizana na hilo kwanza, maana mtu hawezi kutazama kikanushi huku anakitafuta kitenzi.
- Simu ya kurekodi sauti, au mwenzako wa kukuuliza maswali.
- Nusu saa kwa siku, kwa muda wa siku sita hivi.

Usijaribu kumaliza hatua zote kwa kikao kimoja. Hatua ya 2 na ya 3 hasa zinahitaji siku mbili tofauti, kwa sababu umbo la pili linapofika kabla la kwanza halijatulia, yote mawili huchanganyika.

## Hatua ya 1: Chora ngazi ya marudio

Katika ukurasa mzima wa daftari chora ngazi yenye vidato vinane. Kutoka juu kwenda chini andika: *siempre* (siku zote, kila mara), *casi siempre* (karibu kila mara), *a menudo* (mara nyingi), *a veces* (mara nyingine), *rara vez* (mara chache, kwa nadra), *casi nunca* (ni nadra mno), *nunca* (kamwe, hata siku moja), *jamás* (katu, abadani).

Sasa piga mstari mwekundu kati ya *rara vez* na *casi nunca*. Mstari huo ndio utakaokuongoza hadi mwisho. Maneno yaliyo chini yake ni vikanushi kamili, na yana sheria zake kuhusu *no*. Maneno yaliyo juu yake si vikanushi, hata kama *rara vez* linakaribiana sana kimaana na *casi nunca*.

Yatamke kwa sauti. Katika *nunca*, herufi *c* ni *k*, na *n* iliyo mbele yake husikika kama ng'. Herufi *j* ya *jamás* hutamkwa kama kh ya «kheri» kwa matamshi ya watu wa pwani, au h tu katika nchi kadhaa za Karibiani. Mkazo wa *jamás* uko kwenye silabi ya mwisho, na hapo ndipo ulimi wa Mswahili unapoteleza, kwa kuwa sisi karibu kila neno tunaliwekea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Herufi *z* ya *vez* ni s katika Amerika ya Kilatini. Sehemu kubwa ya Hispania ni th ya «thelathini». Herufi *v* husomwa kama b.

Utajua umefaulu utakapoweza kuitaja ngazi yote kwa kupanda na kushuka bila kutazama, na kueleza mstari mwekundu uko wapi.

## Hatua ya 2: Jenga umbo la kwanza, *no* + kitenzi + *nunca*

Panga kadi nne mezani: *no, como, carne, nunca*. Chini yake, kwa kalamu, andika «si, li, nyama, kamwe». Tazama zinavyolingana:

*No como carne nunca.*
Si-li nyama kamwe.

Neno *no* linafanya kazi ya kiambishi «si-» au «ha-», na *nunca* linafanya kazi ya «kamwe». Kiswahili hakiruhusu kusema «ninakula nyama kamwe», na Kihispania nacho hakiruhusu *Como carne nunca*. Katika lugha zote mbili, ukanushi unapaswa kusikika kabla ya mzizi wa kitenzi, ili msikilizaji asikae akidhani kwamba unakula nyama hadi sentensi ifike mwisho. Ndiyo maana umbo hili ndilo jepesi kuliko yote kwa Mswahili, na ndiyo maana nasikitika ninapoona mtu analiogopa kwa sababu ya kanuni ya Kiingereza isiyohusika hapa. Vikanushi viwili katika Kihispania havifutani. Kimoja kinakubaliana na kingine, kama vile «sili» na «kamwe» visivyogombana.

Tengeneza sentensi kumi za namna hii kwa nafsi mbalimbali:

*No bebo café nunca.* (Sinywi kahawa kamwe.)
*No llegas nunca temprano.* (Hufiki mapema hata siku moja.)
*No vamos al mercado nunca.* (Hatuendi sokoni kamwe.)

Neno *nunca* linaweza kukaa mara tu baada ya kitenzi au mwishoni mwa sentensi. Pote ni sahihi. Lisilowezekana ni kulichomeka kati ya *no* na kitenzi: *No nunca voy* ni kosa.

Tahadhari. Unapojibu swali, *no* linaweza kuja mara mbili, na kila moja lina kazi yake. *No, no como carne nunca* maana yake ni «Hapana, sili nyama kamwe». La kwanza ni «hapana», la pili ni «si-». Mwanafunzi anayelifuta la pili kwa kudhani limerudiwa bure hubaki na *No, como carne nunca*, sawa na kusema «Hapana, ninakula nyama kamwe».

Kuna sababu nyingine ya kuogopa kuliacha *no*. Neno *como* lina maana mbili: «ninakula», na «kama». Kwa hiyo maneno *como nunca* yakisimama pamoja bila *no* husikika kama «kuliko wakati mwingine wowote». *Cantó como nunca* ni «Aliimba kuliko alivyowahi kuimba», ambayo ni sifa kubwa wala si ukanushi.

Utajua umefaulu ukizisoma sentensi zako kumi ukaona rangi nyekundu mara mbili katika kila moja: mara moja kabla ya kitenzi na mara moja baada yake.

## Hatua ya 3: Hamisha *nunca* mbele, uondoe *no*

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa hiyo ifanye kwa mikono kabla ya kuifanya kwa kalamu.

Panga tena mezani *no, como, carne, nunca*. Shika kadi ya *nunca* kwa mkono wa kulia na kadi ya *no* kwa mkono wa kushoto. Kwa wakati mmoja, ipeleke *nunca* mwanzoni na uinue *no* kutoka mezani kabisa, uiweke mapajani. Kinachobaki mezani ni:

*Nunca como carne.*

Maana ni ileile, «Sili nyama kamwe», ila *nunca* likiwa mbele linasisitiza kidogo zaidi. Irudishe *nunca* mwishoni, na *no* nayo irudi mezani. Rudia kwa *bebo café*, kisha kwa *llego temprano*. Mikono miwili ifanye kazi pamoja kila mara: kadi moja haisogei bila ya nyingine.

Sababu ni kwamba Kihispania kinadai kikanushi kabla ya kitenzi, lakini hakijali ni kipi. *Nunca* likiwa nyuma, mlango wa kitenzi uko wazi, basi *no* linakuja kuulinda. *Nunca* likija lenyewe mlangoni, *no* halina tena kazi hapo. Kiswahili hakina mabadilishano ya namna hii. Hata tukisema «Kamwe sili nyama», kiambishi «si-» kinabaki pale pale, kwa kuwa ni sehemu ya kitenzi chenyewe. Kwa sababu hiyo kichwa peke yake hakitakukumbusha kuliondoa *no*. Ni lazima mkono uzoee.

Tahadhari. *Nunca no como carne* si kosa dogo la mtindo. Msikilizaji akijitahidi kuielewa kama ilivyosemwa anaweza kufikia maana iliyo kinyume, kwamba hakuna siku inayopita bila wewe kula nyama.

Ukiwa tayari, badilisha *nunca* kwa *jamás*. Sheria ni ileile: *No como carne jamás* au *Jamás como carne*. *Jamás* lina uzito zaidi, kama «katu», na mazungumzo ya kila siku hayalihitaji sana. Mtu akitaka kukata kauli kabisa huyaunganisha, *nunca jamás*, kwa mpangilio huo.

Sheria hii inashika pia katika amri. *No hables nunca así* na *Nunca hables así* zote ni «Usiseme hivyo kamwe». Umbo la kitenzi limebadilika kutoka *habla*, kama vile «sema» inavyobadilika kuwa «usiseme». Kwa sasa yakariri maumbo machache kama yalivyo.

Utajua umefaulu mwenzako akikutajia sentensi ya umbo la kwanza nawe ukaigeuza papo hapo, mara ishirini mfululizo, bila *no* kubaki nyuma hata mara moja. Ukikosea ya kumi na tisa, anza upya. Ninawadai wanafunzi wangu hivyo hivyo, kwa kuwa anayeivuka hatua hii kwa kubahatisha huwa na makosa yaleyale mwezi wa sita.

## Hatua ya 4: Linda nafasi iliyo kati ya *no* na kitenzi

Nilisema kwamba *nunca* haliingii kati ya *no* na kitenzi. Kuna maneno yanayoruhusiwa kuingia hapo, nayo ni viwakilishi vidogo: *me, te, se, lo, la, le, nos, os, los, las, les*. Sisi tunavijua kwa sura nyingine, kwa kuwa katika «simwoni» kiambishi «-mw-» nacho kimekaa kati ya ukanushi na mzizi.

*No lo veo nunca.* (Simwoni kamwe.)
*Nunca lo veo.* (Maana ileile.)

Chukua kadi ya *lo* ujaribu. Inashikamana na kitenzi popote kinapokwenda, na haishughuliki na vikanushi.

Jambo la pili ni kitenzi chenye maneno mawili, kama *he comido* (nimekula). Vipande hivyo viwili havitenganishwi na *nunca*. Wanafunzi waliozoea Kiingereza huandika *He nunca comido*, na hilo ni kosa. Andika *Nunca he comido* au *No he comido nunca*. Herufi *h* haitamkwi, kwa hiyo *he* husikika kama e.

Utajua umefaulu ukiweza kusema *Nunca me llama* (Hanipigii simu kamwe) na *No me llama nunca* bila kusita mahali pa *me*.

## Hatua ya 5: Tenganisha *casi nunca* na *rara vez*

Rudi kwenye mstari mwekundu wa ngazi. *Casi nunca* liko chini yake, basi linafuata sheria yote ya *nunca*:

*Casi nunca bebo café.*
*No bebo café casi nunca.*

*Rara vez* liko juu ya mstari, basi halidai *no* popote lilipo. *Rara vez bebo café* inatosha. Ukisema *No bebo café rara vez* umeivuruga sentensi. *Pocas veces* (mara chache) liko katika kundi hilohilo la *rara vez*.

Kiswahili hakikusaidii hapa, kwa kuwa «ni nadra mimi kunywa kahawa» hutafsiri yote mawili. Itazame herufi *n* ya *nunca*: ikiwepo, sheria ya *no* ipo. Neno *apenas*, ambalo utalikuta mapema, liache kwa sasa, kwa sababu Mexico hulitumia pia kwa maana ya «ndiyo kwanza».

## Hatua ya 6: Kanusha kielezi chenyewe

Kuna tofauti kati ya kukanusha kitendo na kukanusha marudio yake. Anayesema «Si kila siku ninapika» hajasema kwamba hapiki. Katika Kihispania, *no* hukanusha kile kinachokuja baada yake, kwa hiyo mpangilio ndio unaobeba maana:

*No siempre cocino.* (Si kila mara ninapika.)
*A veces no cocino.* (Mara nyingine sipiki.)
*Nunca cocino.* (Sipiki kamwe.)

Sentensi mbili za kwanza zinaelekea kwenye maisha yaleyale: kuna siku chakula kinapikwa na kuna siku hakipikwi. Ya tatu iko mbali nazo. Mwanafunzi anayetaka kusema «si kila mara» akaandika *nunca* amejipakazia uvivu asiokuwa nao.

Tahadhari. Usiligeuze *no siempre* kuwa *siempre no*. Nchini Mexico *Siempre no voy* ni usemi wa kawaida wenye maana ya «Hatimaye siendi, nimebadili nia», na mwenyeji wako ataacha kukusubiri.

Hapa pia ndipo pa kukiweka kitenzi *soler*, ambacho Mswahili ana haki ya kukipenda. Kinafanya kazi ya «hu-» na «huwa»: *Suelo cocinar* ni «Mimi hupika». Lakini «hu-» yetu haikubali ukanushi. Hatusemi «hahupika», bali tunarudi kwenye «hapiki» au «huwa hapiki». *Soler* haina shida hiyo. *No suelo cocinar* ni «Kwa kawaida sipiki», na linafaa sana pale ambapo *nunca* ni kali mno. Usiliunganishe na *nunca* kwa sasa, limetosha lenyewe.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza kwa Kihispania ukweli wa jikoni kwako kwa sentensi tatu tofauti, na mwenzako akakadiria umepika siku ngapi wiki hii.

## Hatua ya 7: «Sijala», «sijawahi kula», «sili tena»

Hapa Kiswahili kinatupa msaada mkubwa, kwa kuwa tofauti hizi tunazo tayari na tunazitumia kila siku.

*Todavía no he comido* ni «Bado sijala»: chakula kinatarajiwa. *Nunca he comido pulpo* ni «Sijawahi kula pweza»: katika maisha yote. *Ya no como pulpo* ni «Sili pweza tena»: nilikuwa nakula, nimeacha.

Andika vichwa vitatu katika daftari: BADO, KUWAHI, TENA. Chini ya kila kimoja andika sentensi tano kutoka katika maisha yako halisi. Anayejiuliza atumie *todavía no* au *nunca* aitamke sentensi kwanza kwa Kiswahili. Akisikia «bado», ni *todavía no*. Akisikia «-wahi», ni *nunca*. Akisikia «tena», ni *ya no*.

Usiwasahihishe watu wa Buenos Aires wakisema *Nunca comí pulpo* kwa maana ya «Sijawahi kula pweza». Huko hupendelea wakati uliopita sahili mahali ambapo wengine husema *he comido*. Sheria ya *nunca* na *no* haibadiliki.

Swali la «umewahi» hutumia *alguna vez*: *¿Has comido pulpo alguna vez?* Katika jibu la kukanusha, *alguna vez* huliachia nafasi *nunca*.

## Hatua ya 8: Ongeza *nada*, *nadie* na *tampoco*

Sisi husema «Hasemi lolote kamwe». Neno «lolote» si kikanushi. Laweza kukaa hata katika sentensi yakinishi. Kwa hiyo mwanafunzi hutafuta neno la Kihispania lisilokanusha na kuandika *Nunca dice algo*. Kihispania kinataka ukanushi uenee sentensi nzima: *algo* (kitu) linakuwa *nada*, na *alguien* (mtu fulani) linakuwa *nadie*.

*Nunca dice nada.* (Hasemi lolote kamwe.)
*No habla nunca con nadie.* (Haongei kamwe na mtu yeyote.)

Huna haja ya kuhesabu vikanushi. Chunga mlango wa kitenzi tu: *no* liwepo pale ambapo hakuna kikanushi kingine mbele, na liondoke kikiwepo.

*Tampoco* linahitaji uangalifu wa pekee. Mtu akisema «Sinywi kahawa kamwe», wewe unaweza kujibu «Hata mimi» au «Mimi pia», na ukaeleweka vizuri. Katika Kihispania, *Yo también* baada ya kauli ya kukanusha haifai. Jibu ni *Yo tampoco*. Kila unapotaka kusema «hata mimi», angalia kauli uliyoisikia. Ikiwa ilikuwa na kikanushi, jibu kwa *tampoco*.

## Hatua ya 9: Jibu maswali ya kukanusha

Mwanafunzi wangu mmoja anayeongoza wageni Serengeti aliulizwa na mgeni ndani ya gari: *¿Nunca has visto un leopardo?* Akajibu *Sí*. Mgeni akachomoa kamera na kuuliza *¿Dónde?*, akitaka aonyeshwe mahali. Mwanafunzi alikuwa amefikiri kwa Kiswahili: «Hujawahi kumwona chui?» «Ndiyo, sijawahi.» Kwetu «ndiyo» inaikubali kauli ya muulizaji ilivyo. Kwa Mhispania, *sí* inalithibitisha tendo lenyewe, maana yake umemwona chui.

Kwa hiyo usijibu kwa neno moja. Kama hujawahi, sema *No, nunca*. Kama umewahi, sema *Sí, una vez* (ndiyo, mara moja) au *Sí, muchas veces*. Lile neno la pili linakulinda hata ukikosea la kwanza.

Rekodi maswali kumi ya kukanusha kwenye simu, acha nafasi ya sekunde nne baada ya kila moja, kisha ujijibu kesho yake asubuhi. Utajua umefaulu jibu likitoka kabla ya sekunde nne bila kupitia Kiswahili kwanza.

## Mitego ya msomaji

Ukianza kusoma magazeti utaona *nunca* mahali pasipo na ukanushi: *mejor que nunca* (vizuri kuliko wakati wowote), *más que nunca* (zaidi ya wakati wowote). Hizo ni sentensi za kulinganisha, wala *no* haihusiki. Kinyume chake, *En mi vida he visto eso* haina *no* wala *nunca*, lakini maana yake ni «Maishani mwangu sijawahi kuona jambo hilo». *En mi vida* likitangulia kitenzi linakuwa kikanushi. Zitambue tu, si lazima uzitumie sasa.

## Jaribio la mwisho

Funga daftari na utafsiri:

1. Sinywi kahawa kamwe.
2. Hatufiki mapema hata siku moja.
3. Hapa mvua hunyesha kwa nadra.
4. Sijawahi kumwona (mwanamume).
5. Si kila mara ninapika.
6. Bado hawajala.
7. Haishi hapa tena.
8. Hamwambii mtu yeyote lolote kamwe.
9. «Sili nyama.» «Hata mimi.»
10. «Hujawahi kwenda Mexico?» «Ndiyo, sijawahi.»

Majibu: (1) *Nunca bebo café* au *No bebo café nunca*, katika Amerika ya Kilatini watu wengi husema *tomo* badala ya *bebo*. (2) *Nunca llegamos temprano* au *No llegamos nunca temprano*. (3) *Aquí rara vez llueve*. *Aquí casi nunca llueve* nayo inakubalika. (4) *Nunca lo he visto* au *No lo he visto nunca*. (5) *No siempre cocino*. (6) *Todavía no han comido*. (7) *Ya no vive aquí*. (8) *Nunca le dice nada a nadie* au *No le dice nunca nada a nadie*. (9) *No como carne. Yo tampoco.* (10) *¿Nunca has ido a México? No, nunca.*

Aliyekosa la 1 au la 2 arudi kwenye kadi za Hatua ya 3, hata kama mengine yote ameyapata. Aliyekosa la 4 arudie Hatua ya 4 kwa kadi ya *lo*. Aliyekosa la 5, la 6 au la 7 asisome sheria upya. Aandike sentensi kumi nyingine kutoka katika maisha yake. Aliyekosa la 8 kwa kuandika *algo* au *alguien* asome tena Hatua ya 8, na aliyekosa la 10 amwombe mwenzake amuulize maswali ya kukanusha kila siku kwa wiki nzima, bila kumwonya kwamba linakuja.